YAH: MALALAMIKO KUHUSU STATA MLIYONIFUNGIA NA NILIVYODHALILISHWA KAUNTA

Kwa Meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima, ingawa kwenu sikuipata.

Stata ya gia (mota ya kuwashia injini, yenye gia za kuongeza nguvu) mliyonifungia badala ya ile ya zamani haizungushi injini. Asubuhi inalia ka-ka-ka, basi. Masharti ya dhamana mnayajua wenyewe. Nilipoirudisha, fundi wenu mkuu hakufungua hata boneti. Mbele ya wateja alinisukumia risiti yangu kwa kidole, akasema: "Mzee, hiyo injini chuma chakavu, kaiuze kwa kilo." Watu wakacheka.

Injini si chakavu. Gari likisukumwa inawaka papo hapo. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Injini isipozungushwa kwa kasi ya kutosha joto hilo halipatikani, hata ingekuwa mpya. Fundi mwingine aliweka mita wakati wa kupiga stata: kwenye betri volti 11.2, kwenye stata 8.7. Volti 2.5 zinapotelea njiani! Waya mnene wa kutoka betri hadi stata ukipoteza zaidi ya nusu volti tayari ni mbovu. Mliacha waya wa zamani, umeliwa na kutu ya kijani mpaka ndani ya ganda, na waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, mkaufunga juu ya rangi isiyopitisha umeme. Juu ya rangi! Na siku ya kufunga niliuliza, nikaambiwa waya mpya zimo kwenye bei. Risiti imeandikwa hivyo hivyo.

Umeme ukiwa hafifu selenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inavuta na kuachia, pinioni, yaani gia ndogo ya stata, inagonga bila kuingia sawasawa. Meno ya ringi ya flaiwili, gurudumu la injini linalosukumwa na pinioni, yameanza kulika, na kuibadilisha ni mpaka gia boksi ishushwe.

Narudia, kwa sababu siwezi kulisahau: risiti yenye muhuri wenu ilisukumwa kwa kidole ikaanguka sakafuni. Niliinama kuiokota huku watu wanacheka, na keshia wenu akageuza uso. Hakuna aliyesema hata "samahani, mzee."

Mwanzo nilitaka waya tu. Sasa nataka waya, ringi mpya pamoja na ufundi wake, na barua ya kuniomba radhi yenye sahihi ya fundi yule. Zikipita siku 7 kimya, nitadai fedha zangu zote, na risiti, vipimo na picha za meno vitafika kwa mamlaka ya kulinda watumiaji, kisha mahakamani. Jibu liwe la maandishi. Msinipigie simu.

Mteja wenu