Saruji ya Kiwanja cha Chaani

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na watoto wa Chaani, Mombasa, mliopo na mliotawanyika hadi Nairobi na Uarabuni, tunawasalimu. Sisi ni kamati ya timu ya mtaa, na tumekuja kuomba. Tunataka kuzungushia kiwanja ukuta, kujenga vyumba viwili vya kubadilishia nguo, na choo.

Mnaokuja kutazama mechi mnajua hali ilivyo. Wavulana huvulia chini ya mwarobaini. Timu ya wasichana ikicheza, wawili hushika leso zikawa pazia huku wenzao wakivaa jezi. Msimu uliopita tuliambiwa kiwanja hakifai kwa mechi za ligi, kwa hiyo mechi zetu za nyumbani tunachezea ugenini, nauli juu yetu.

Timu hii ilianzishwa na wageni. Wengi wenu ni baba zenu hao: walitoka Taita, Kitui, Kisumu na Maragoli kutafuta kibarua bandarini Kilindini na kwenye reli, wakapanga chumba kimoja watu sita. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale hawakungoja kupewa, walishika majembe wenyewe wakafyeka kichaka. Ndicho kiwanja hiki. Baadaye wakaingia watoto wa Kidigo, wa Kigiriama na Waswahili wa mjini. Leo kocha akipanga kikosi kwa kuuliza mtu kwao wapi, atabaki na kipa peke yake.

Sasa niwape kisa, mimi katibu, maana tulipokikumbuka kwenye kikao ndipo tulipoamua kuwaandikia. Rio de Janeiro, huko Brazil, kuna klabu iitwayo Vasco da Gama. Naam, jina la yule yule baharia Mreno aliyetia nanga Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, na mji huu haukumpokea kwa marashi. Msinitupie mawe bado. Klabu hiyo iliundwa 1898, mwaka wa 400 tangu safari yake, na waanzilishi wengi walikuwa wahamiaji wa Kireno, watu wa maduka na biashara ndogo ndogo. Mwanzo ilikuwa klabu ya kupiga makasia. Mpira waliuanza 1915.

Mwaka 1923 wakapanda daraja la juu, na msimu huo huo wakachukua ubingwa. Kikosi chao kilikuwa na weusi, machotara na vibarua, wengine kalamu iliwapa tabu. Vilabu vya wenye nazo vikakasirika, vikaunda ligi yao, vikaiambia Vasco: mnakaribishwa, lakini waacheni wachezaji hawa 12. Rais wa klabu, José Augusto Prestes, akajibu kwa barua kwamba kwa sharti hilo hawaingii. Barua ina tarehe 7 Aprili 1924. Siku ile ile ya nanga! Mimi kila nikiisoma tarehe hiyo hucheka.

Na walisemwa pia kwamba hawana uwanja wa maana. (Mnasikia? Maneno hayo tumeyasikia na sisi.) Basi wapenzi wa timu wakachanga, mwenye nyingi na mwenye kidogo, wakanunua ardhi wakajenga. Uwanja wa São Januário ulifunguliwa tarehe 21 Aprili 1927, na kwa wakati ule haukuwa na mkubwa wake Amerika Kusini yote. Siku ya ufunguzi Santos wakawafunga 5 kwa 3. Walifungwa, lakini nyumbani kwao.

Sisi hatutafuti uwanja wa kushinda wa mtu. Mombasa hii iliwahi kutoa bingwa wa ligi ya taifa, timu ya Feisal, mwaka 1965, na kombe hilo halijarudi Pwani tangu hapo. Sisemi litarudi kupitia Chaani. Nasema watoto wetu wavalie ndani ya chumba chenye mlango.

Hatutawapangia kiwango. Mwenye pesa atoe pesa, apewe risiti. Mwenye mfuko mmoja wa saruji aulete. Matofali, kokoto, nondo, mabati, hata mlango uliong'olewa kwenye nyumba ya zamani, vyote tunapokea. Mafundi wa mtaa wametuahidi siku mbili mbili za kazi bila malipo. Mnaoweza kuchanganya zege, njooni na koleo. Akina mama wa chama wamesema watapika siku ya kumwaga msingi, na wali wao mnaujua.

Mlio mbali, namba ya M-Pesa mwombeni mweka hazina mwenyewe. Akiwatumia mtu mwingine yeyote, hata akijiita katibu, msitoe. Majina ya waliochanga na walichochanga yatabandikwa kila Jumamosi penye mti wa mwarobaini, pamoja na matumizi, mpaka risiti ya mwisho ya misumari.

Na rangi mlizobakisha mkipaka nyumba zenu, leteni makopo hayo. Rangi yoyote. Ukuta ukitoka madoadoa, tutaupenda hivyo hivyo.