Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Chama cha Wasubuji Bronzi

Ndugu wanachama,

Tanuri letu halikupoa mwaka huu, lakini rafu ya vyombo vilivyoharibika nayo ilijaa. Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi naanza na rafu hiyo.

Tulipovipasua vinara na bakuli zilizokataliwa, ndani tulikuta vitundu vitundu kama sifongo. Wengi wetu, nami nikiwamo, tuliilaumu bronzi, yaani mchanganyiko wetu wa shaba na bati. Kosa lilikuwa kwenye kalibu, ule udongo tunaoufunika juu ya umbo la chombo lililochongwa kwa nta, kisha tunauoka ili nta itoke na bronzi imiminwe mahali pake. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 tu, hivyo mtu akiiona imetiririka hudhani kazi imekwisha. Kumbe sehemu yake imenyonywa na udongo, na unyevu umejificha humo humo. Ukimimina bronzi ya nyuzi 1,100 na zaidi juu ya unyevu huo, maji hugeuka mvuke na kuvimba zaidi ya mara 1,600. Ukiwa na bahati unapata vitundu. Ukikosa, kalibu inapasuka na kukurushia moto.

Kwa hiyo kamati imeamua kuwa kalibu iokwe mpaka moshi ukatike kabisa na masizi yaishe ndani, na mtu wa pili aikague kabla ya kumimina. Najua wapo wanaonung'unika kwamba tunawachelewesha. Lakini katika kazi yetu nta moja huzaa chombo kimoja. Kinara kikiharibika, nta imeshakwenda, kalibu imeshavunjwa, na siku zote ulizokaa ukichonga majani yake zimepotea.

Jingine ni kupima. Pima nta yako pamoja na mifereji yake, yaani vijiti vya nta vinavyoacha njia ya bronzi kupita, kisha zidisha uzito huo mara kumi. Hicho ndicho kiasi cha bronzi utakachohitaji, na uongeze kidogo. Vishikio vya milango vilivyotoka bila ncha vilipimwa bila mifereji, bronzi ikapungua, basi.

Kuhusu vyuma chakavu, nitasema bila kuzunguka. Bomba kuukuu linaweza kuwa na zinki na risasi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kabla bronzi yetu haijafikia joto la kumimina, na ule moshi mweupe humlaza mtu na homa usiku. Madini ya risasi hayaonekani, ila sumu yake hubaki chomboni. Kuanzia sasa chungu cha chama cha kuyeyushia kitapokea shaba na bati vinavyojulikana vilikotoka, na bakuli yoyote ya chakula itapakwa bati safi ndani.

Darasa la wanafunzi limekwenda vizuri kuliko yote. Tuliwaonyesha picha za vyombo vya Igbo-Ukwu, Nigeria, vya karne ya 9, kikiwamo chungu kilichozungushiwa kamba za bronzi. Mmoja akauliza kamba zile zilifungwaje. Hazikufungwa, zilisubiwa, yaani zilimiminwa kwenye kalibu kama chombo chenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika kwamba nta ni ngumu kuchonga.

Ubishi wa rangi haujaisha. Wapo wanaotaka kila chombo king'arishwe, wapo wa dawa za kukipa ukijani. Mimi bado naona kishikio cha mlango kiachiwe mikono ya wenyeji ikipe rangi.

Yamebaki mambo mawili ya kupigia kura leo: kununua kipimajoto kipya cha tanuri, na kuongeza glavu na ngao za uso kwa wanaomimina. Kamati inaomba glavu zitangulie.