Kabati la vinywaji lianze na mgeni asiyekunywa pombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niseme jambo linalohusu nyumba zetu, hasa wakati huu ambapo familia nyingi zinajiandaa kwa ubatizo, kipaimara na sikukuu za mwisho wa mwaka. Nimefanya kazi ya kaunta katika hoteli za Arusha na Moshi kwa miaka 26, na tangu nistaafu ndugu na majirani huniita niwashauri namna ya kupanga vinywaji vya wageni nyumbani. Ninachokikuta katika sebule nyingi kinanisikitisha. Nakuta kaunta nzuri ya mninga iliyotengenezwa na fundi hodari, taa za rangi juu yake, chupa 15 au 20 za pombe kali zimepangwa mbele ya kioo, na chini sakafuni katoni moja ya soda kwa ajili ya watu wasiokunywa, ambao mara nyingi ni nusu ya wageni wote.

Mwaka juzi nilialikwa kwenye sherehe ya kipaimara katika nyumba ya namna hiyo. Mama mkwe wa mwenye nyumba, mtu mzima aliyesafiri tangu alfajiri kuja kumpongeza mjukuu wake, alikaa saa nne na chupa moja ya soda iliyokuwa imekwisha gesi na kupata joto, huku kijana aliyewekwa kaunta akiwamiminia wengine wiski, akiwakatia ndimu na kuwauliza kama barafu inatosha. Yule mama hakuulizwa lolote. Hakulalamika pia, ila aliaga mapema kuliko wote, na mkwewe alibaki akijiuliza ni chakula gani hakikumpendeza. Tangu siku hiyo, mtu akiniomba nimwandikie orodha ya vinywaji vya kununua, humuuliza kwanza ni wageni wangapi kati ya anaowatarajia hawatumii pombe, na amewaandalia nini. Wengi hunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Mgeni asiyekunywa asiulizwe sababu mbele za watu. Yupo anayekatazwa na dini yake, yupo aliye mjamzito na bado hajapenda watu wajue, yupo anayetumia dawa isiyopaswa kuchanganywa na pombe, kama metronidazole, yupo atakayeendesha gari, na yupo aliyeacha pombe baada ya mapambano ya miaka mingi, ambaye kila neno la "kidogo tu, leo ni sikukuu" linamrudisha ukingoni mwa shimo alilotoka. Anachotakiwa kukikuta mtu huyu ni kinywaji kilichoandaliwa kwa uangalifu ule ule, katika glasi ile ile nzuri, chenye barafu na kipande cha ndimu, na kikiletwa kabla hajaomba. Wala hakuna gharama kubwa. Robo kilo ya tangawizi mbichi ikitwangwa, ikachemshwa katika lita mbili za maji pamoja na karafuu chache, ikachujwa na kulazwa kwenye friji, itatoa maji makali ambayo mgeni mmoja atayanywa kwa asali na mwingine atayachanganya na soda isiyo na sukari. Rozela kavu ilowekwe katika maji ya moto badala ya kuchemshwa muda mrefu, ili isipoteze harufu yake. Ukwaju ukiloweka usiku kucha na kuchujwa vizuri hauhitaji kingine zaidi ya sukari kidogo na chumvi ya kuonja. Nimewahi kuona meza ambayo jagi la ukwaju lilikwisha kabla ya bia, na walioumaliza wengi walikuwa wanywaji wa bia.

Jambo jingine ambalo mafundi wetu wa samani hawaelezwi ni kwamba kabati la pombe linafaa liwe na milango, tena likae mbali na meza ya chakula. Familia zetu zimechanganyika. Ni nadra kukuta ukoo ambao hauna shemeji, wifi au jirani Mwislamu, na Waislamu wengi hawakubali kuketi kwenye meza ambayo pombe inanyweka, achilia mbali kunywea glasi iliyotumika kwa pombe. Chupa zikiwa wazi mbele ya kochi, unamlazimisha mgeni wako achague kati ya undugu na imani yake. Mlango wa mbao ukifungwa, hana sababu ya kuchagua. Tenga pia glasi na majagi ambayo hayaguswi na pombe kabisa, na mwambie hivyo kwa maneno, kwa sababu yeye mwenyewe ataona haya kuuliza.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie pombe yenyewe, nami nasema wazi kwamba chupa 20 ni upotevu wa fedha. Kwa nyumba ya kawaida inatosha kuwa na wiski moja, jini au Konyagi moja, mvinyo mwekundu na mweupe wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na hatuna sababu ya kununua wa mbali kwa bei mara mbili, pamoja na bia kulingana na idadi ya wageni. Fedha inayobaki inunue barafu. Wenyeji wengi hukisia barafu chini ya mahitaji. Mimi huhesabu nusu kilo kwa kila mgeni, iliyogandishwa kutokana na maji yaliyochemshwa. Mvinyo ukishafunguliwa utiwe kizibo na kurudishwa kwenye friji, na hata hapo baada ya siku nne au tano umeshaharibika ladha, kwa hiyo usifungue chupa ya pili kwa kujionyesha. Pombe kali haziharibiki upesi, lakini zisikae juani wala juu ya friji penye joto. Bia iliyo katika chupa ya kijani au nyeupe ikipigwa na mwanga wa jua hunuka vibaya, kwa sababu mwanga huo huathiri hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu wake; chupa ya kahawia huikinga vizuri zaidi.

Nunueni kipimo cha toti. Kifaa hiki kidogo cha mililita 30 ndicho kinachotofautisha ukarimu na hatari, lakini katika nyumba kumi nilizoingia sidhani kama nimekiona katika mbili. Chupa ya mililita 750 ina toti 25. Toti mbili za wiski ya asilimia 40 zina kilevi kinachokaribia kile cha chupa moja ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Sasa mtazame mwenyeji anayemimina kwa mkono: nusu glasi anayompa mgeni, ambayo kwa macho ni kidogo, yaweza kuwa mililita 120, yaani toti nne, sawasawa na bia mbili zilizonywewa kwa dakika 15. Chupa nzima ya Konyagi, yenye asilimia 35, ina kilevi cha bia zaidi ya kumi, na nimeona wanaume watatu wakiimaliza kabla ya chakula kuletwa, wote wakiamini kwamba wamekunywa kidogo kwa sababu hawakugusa bia. Chakula kitangulie, hata kama ni ndizi za kuchoma na karanga, na maji ya kunywa yawe mezani wakati wote.

Sisi tuliokulia uchagani tunakumbuka kwamba mbege ilikuwa na kipimo chake yenyewe. Ilipikwa kwa ndizi na ulezi kwa ajili ya siku maalumu, ilichukua siku kadhaa kuiva, na ikishaiva ilibidi inywewe upesi kabla haijawa chachu mno, kisha mitungi ikaoshwa na watu wakarudi mashambani. Mwenye pombe alionja kwanza ndipo kata ikazungushwa kwa wageni, ili kila mtu aone kwamba alichoandaliwa ni salama. Chupa iliyo kabatini haina siku ya kuisha wala haichachi. Kesho ipo na keshokutwa ipo, na hakuna anayepiga hodi kusema imekwisha. Kwa sababu hiyo kipimo kilichokuwa ndani ya mtungi kimehamia mkononi mwa mwenye nyumba, na asipokishika yeye hakuna mwingine wa kukishika.

Ule wajibu wa kuonja kwanza nao haujaondoka, umebadilika sura tu. Mwezi Mei 2014 majirani zetu wa Kenya walizika makumi ya watu, na wengine wakapofuka, kutokana na pombe iliyotiwa methanoli, kemikali yenye sumu inayofanana na kilevi cha kawaida. Methanoli haionekani kwa macho na haiwezi kutambuliwa kwa kunusa wala kuonja, hivyo kinga ya mwenyeji ni kununua mahali panapoaminika na kukagua chupa kabla ya kuilipia. Hapa kwetu Mamlaka ya Mapato ilianza mwaka 2019 kutumia stempu za kielektroniki kwenye pombe, na ipo programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia akiwa dukani. Angalia pia kama kifuniko kinazunguka kabla hakijakatika, kama lebo imebandikwa upande na kama kiwango cha kinywaji kinatofautiana na cha chupa iliyo kando yake. Wiski inayouzwa kwa nusu ya bei ya kawaida usimpelekee mgeni wako.

Naongeza onyo moja kwa wenye watoto. Konyagi, jini na vodka vyote vinafanana na maji, na nimekuta friji ambamo mabaki ya jini yamemiminwa katika chupa tupu ya maji ya kunywa, kwenye rafu ambayo mtoto wa miaka sita anaifikia bila kiti. Pombe ibaki katika chupa yake, kabati liwe na kufuli, na mtoto asitumwe kamwe kumpelekea mgeni bia au kumfungulia. Sheria yetu inaweka umri wa miaka 18, nasi sebuleni tuufuate huo huo.

Kuhusu kuondoka, mwenyeji aulize mapema, wakati wa kupokea wageni na si saa sita usiku, ni nani aliyekuja na gari na nani atakayeliendesha. Mwili huchukua saa mbili au zaidi kuondoa kilevi cha bia moja ya nusu lita, na kahawa nyeusi au maji baridi kichwani haviharakishi kitu. Vinamfanya mlevi awe macho tu. Mimi humwomba mwenye nyumba aandae godoro la ziada na namba ya dereva wa teksi anayemfahamu, na hayo nayahesabu katika orodha ya manunuzi pamoja na ndimu na barafu. Mgeni aliyelala kwako akala uji asubuhi hajakupa aibu yoyote.

La mwisho ni chupa tupu. Wapo wanaopita mitaani wakinunua chupa za wiski za bei kubwa, hasa zenye kifuniko na lebo safi, nasi huwapa kwa furaha kwa sababu zinajaza jikoni. Baadhi ya chupa hizo hurudi sokoni zikiwa na kitu kingine ndani. Kabla hujatoa chupa nyumbani kwako, bandua lebo kwa maji ya moto, toboa au pinda kifuniko ukitupe mbali na chupa, na stempu ichanwe. Hufanyika kwa dakika tano asubuhi baada ya sherehe, wakati glasi zinaoshwa.

Wako mtiifu,
Mhudumu mstaafu wa kaunta,
Moshi.