YAH: Malalamiko kuhusu sensa ya oksijeni iliyokufa ndani ya dhamana na majibu niliyopewa dukani

Isevya,
Tabora.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni.

Ndugu Meneja,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Nilinunua sensa ya oksijeni, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachoijulisha kompyuta ya gari kama mchanganyiko wa hewa na petroli uko sawa, katika duka lenu la hapa Tabora kwa ajili ya Toyota IST yangu, ambayo ni teksi na mara nyingi hupeleka abiria Nzega. Nililipa Sh 165,000, nikapewa risiti ya EFD na kadi ya dhamana ya miezi sita. Sensa imekufa kabla gari halijamaliza kilometa 6,000. Nilipoirudisha, msimamizi wa duka alikataa kuipokea, akaniambia mbele ya wateja wengine: "Mama, hizi sensa siku hizi ni za miezi mitatu minne tu, mafuta yetu machafu." Fedha yangu naitaka, lakini jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Si la kweli, na watu wanaondoka na imani hiyo dukani kwenu.

Sensa za kizamani zisizo na hita (waya wa ndani wa kuipasha sensa joto), za waya moja au mbili, ndizo zilizokuwa zikichoka mapema, kati ya kilometa 50,000 na 80,000. Hizi za sasa zenye hita, za waya tatu au nne, zinatarajiwa kufika kilometa 100,000, na injini ikiwa nzima nyingi hufika 160,000. Ile iliyokuja na gari kutoka Japani ilitolewa kwa uzee, baada ya kuanza kusoma taratibu. Hata hivyo fundi alipoipima, hita yake ilikuwa bado nzima. Ya kwenu haikufika mbali kiasi hicho.

Kuhusu mafuta, naomba tuelewane. Ni kweli sensa inaweza kuuawa na kinachopita kwenye ekzosi. Risasi iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli ilikuwa inaziua, lakini nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006. Silikoni ya gasketi isiyofaa huiachia ncha yake utando mweupe, injini inayokula oili huipaka majivu, na maji ya kupozea (coolant) yanayovuja ndani ya injini nayo huiharibu. Yote hayo hushambulia ncha. Sensa yangu ilikufa hita. Mashine ya kupimia gari ilitoa kodi (namba ya hitilafu) P0135, ambayo ni saketi ya hita ya sensa ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, yaani kichujio cha moshi kilicho kwenye ekzosi. Fundi umeme akakagua fyuzi, akahakikisha umeme unafika kwenye soketi, kisha akachomoa sensa na kuweka mita kwenye zile waya mbili za hita. Sensa nzima husoma omu chache. Hii haikusoma kitu chochote, waya imekatika ndani. Petroli chafu haikati waya wa hita, Ndugu Meneja.

Na hita si pambo. Sensa haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi za selsiasi. Hita ndiyo inayoifikisha hapo haraka gari linapowashwa, na kuilinda isipoe gari likisimama stendi injini ikinguruma. Ikikosa joto, kompyuta ya gari haijui kama mchanganyiko wa hewa na petroli umekaa sawa, inaamua kwa kubahatisha, na kwa kawaida inazidisha petroli.

Kwangu dalili zilianza kwenye mafuta. Dereva wangu alianza kuniambia hesabu haitoshi, gari linakula kuliko zamani, na nikawa nambana yeye. Baadaye silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) ikawa inapanda na kushuka, asubuhi ekzosi inatoa moshi mweusi wenye harufu kali ya petroli, na plagi zilipofunguliwa zilikuwa nyeusi, masizi makavu yanayobaki kidoleni. Taa ya injini iliwaka mwishoni.

Nikazie jambo moja, maana nimeliona kwenye gereji zetu na linaniuma. Petroli inayozidi inakwenda kuungulia ndani ya masega. Masega yanapata joto kupita kiasi, yanayeyuka na kuziba, gari linakosa nguvu. Hapo mwenye gari anaambiwa masega yamekufa, yanabomolewa na kutupwa au kuuzwa, yakiwa na madini ya platinamu na paladiamu ndani yake. Ugonjwa ulikuwa kwenye sensa. Duka linalowaambia madereva kwamba sensa kufa ni kawaida linawazoesha kupuuza taa, na hasara ya pili inakuwa kubwa mara nyingi kuliko ya kwanza.

Sensa yenyewe ninayo kwenye boksi lake. Boksi lina jina la kiwanda kinachojulikana cha Japani, lakini maandishi ya kwenye chuma yalifutika kwa kidole gumba nilipopangusa vumbi, wakati ya ile ya zamani bado yanasomeka baada ya miaka yote ya moto. Sisemi kwamba mnauza feki mkijua. Nasema mzigo huu ukaguliwe, kwa sababu wapo madereva wengine wa stendi walionunua humo humo na wanalalamika vilevile.

Naomba nirudishiwe Sh 165,000 pamoja na gharama ya kupima na kufunga, ambayo risiti zake nimeambatanisha. Naomba pia sensa zilizobaki kwenye rafu za duka hilo ziondolewe mpaka mthibitishe zilikotoka, na wauzaji wenu waelekezwe kuheshimu kadi ya dhamana wanayoigonga mhuri wenyewe.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitaipeleka sensa hii pamoja na nakala ya barua hii Tume ya Ushindani.

Wako mteja,

(Saini)
Mmiliki wa teksi, Tabora

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, kadi ya dhamana, risiti za fundi, picha za sensa zote mbili.