Anayejaza risasi nyumbani asibane pesa kwenye mizani

Mhariri,

Msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia huku Marekani, simu za wawindaji wenzetu wanaozungumza Kiswahili hujaa ujumbe wa namna moja: jina la baruti, idadi ya greni (kipimo kidogo cha uzito), basi. Hautaji uzito wa kichwa cha risasi, wala fataki (kikombe kidogo kitakoni kinachowasha baruti), wala aina ya ganda. Mtu anajaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa, anaingia porini, analaza shavu juu ya bunduki iliyobeba kipimo asichojua kilikotoka. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na hao wanaoanza, hasa wanaoanza na pesa kidogo.

La sheria tulimalize kwanza. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimdai leseni mtu anayejaza risasi za kutumia mwenyewe. Akijaza za kuuza ndipo anapohitaji leseni ya mtengenezaji. Majimbo mengine yana masharti yao, na kila mtu aulize ya kwake. Kenya na Tanzania ni jinai kutengeneza risasi bila leseni, kwa hiyo haya si ya kujaribiwa huko nyumbani.

Risasi ni vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Baada ya mlio kinachobaki mkononi ni ganda, na ndilo la bei kubwa kuliko vyote. Faida ya kujaza iko hapo. Baruti huuzwa kwa ratili (pauni), na ratili moja ni greni 7,000. Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme risasi moja inakula greni 50: ratili itatoa risasi 140. Gawanya bei ya ratili kwa 140, ongeza bei ya fataki moja na kichwa kimoja, kisha linganisha na ya dukani. Anayepiga risasi za bastola za 9mm ataona tofauti ndogo. Mwenye bunduki ya kuwindia ya .308 au .30-06 ataiona vizuri. Anayetumia boksi moja la risasi 20 kwa mwaka anunue tu dukani. Na ukiagiza baruti na fataki zisafirishwe hadi kwako, kuna ada ya mzigo wa hatari kwa kila shehena, iwe kubwa au ndogo; agizeni pamoja mgawane.

Pa kubana pesa ni kwenye presi, mashine ya mkono ya kurudishia ganda umbo na kusukumia kichwa. Presi ya kituo kimoja, hata iliyotumika, huishi miaka mingi, maana haina kitu cha kuharibika zaidi ya kutu na skrubu kulegea. Zipo pia seti za Lee Loader, ambazo hugongwa kwa nyundo ya mbao au plastiki bila presi yoyote. Ila za bunduki hurekebisha shingo ya ganda peke yake, kwa hiyo zinafaa maganda yaliyopigwa na bunduki ile ile. Ganda la kuokota, lililovimba kwenye bunduki ya mwingine, linaweza kukataa kuingia kwenye yako. Wakati wa kugongea fataki vaa miwani ya kazi, kwani mara mojamoja hulipuka.

Pasipo kubana ni mizani na kitabu cha vipimo. Mizani ya boriti haina betri ya kuisha. Za dijitali za bei poa huyumba kwa upepo wa feni, kwa baridi ya gereji, hata kwa simu iliyowekwa karibu, na kila unapokaa kazini uzipime kwa jiwe lenye uzito unaojulikana. Greni moja ni takriban gramu 0.065. Greni mbili tatu huzioni kwa jicho ndani ya kijiko, lakini zaweza kuivusha .308 juu ya ukomo wake, ambao ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, umbali wa kiganja kutoka usoni pako. Asiye na pesa ya vitabu viwili anunue kimoja, cha pili kiwe tovuti ya kampuni iliyotengeneza baruti hiyo, maana huweka vipimo bure. Anza asilimia 10 chini ya kipimo cha juu kabisa, upande kidogo kidogo. Fataki ikibapa, au mkono wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) ukiwa mgumu kuinua, shuka.

Tukija kwenye maganda, pitisha sumaku: ya chuma weka kando. Mulika ndani kwa tochi. Tundu moja katikati ya kitako ni la Boxer, linajazika. Matundu mawili ni ya Berdan, yatakuvunjia sindano ya kutolea fataki. (Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, na bado Wamarekani ndio wanaotumia ya Boxer.) Kisha chukua klipu ya karatasi, inyooshe, ikunje ncha kama kucha, uipitishe ukutani mwa ganda kwa ndani, ukishuka kuelekea kitako. Inatakiwa iteleze. Ikinasa kwenye kijifereji juu kidogo ya kitako, ukuta hapo umeliwa, na mara nyingi nje utaona mstari unaong'aa kama pete. Ganda hilo likipigwa tena linaweza kukatika vipande viwili na kumwaga gesi ya moto bundukini. Liponde kwa koleo ulitupe.

Ganda lenye shingo lazima lipakwe mafuta kabla ya kuingia kwenye kalibu (tundu la chuma linalorudisha ganda umbo lake), hata kalibu ikiwa ya kabaidi, metali ngumu sana. Yakikosekana linakwama, nawe ukilazimisha unang'oa ukingo wa kitako. Yakizidi hujikusanya begani na kuacha vibonyeo. Ya bastola yaliyonyooka hayahitaji mafuta kwenye kalibu ya kabaidi. Kisha pima urefu kwa kalipa: ganda la .308 halitakiwi kupita inchi 2.015, na likipita hukatwa hadi 2.005. Refu hubanwa mdomo mwishoni mwa chemba, kichwa hakitoki kwa urahisi, presha inaruka.

Fataki ikae chini kidogo ya usawa wa kitako. Pitisha kidole, usikie kashimo. Iliyojitokeza inaweza kulipuka bolti inapofungwa.

Wakati wa baruti mezani pawe na kopo moja tu. Usichanganye, na inayobaki irudi kwenye kopo lake siku hiyo hiyo. Panga maganda yote kwenye kibao cha matundu 50, jaza, halafu mulika safu kwa safu kabla hujaweka kichwa hata kimoja. Ganda la bastola la .38 Special lina nafasi kubwa, linameza vipimo viwili vya baruti kali bila kufurika, na kipimo mara mbili hupasua bastola. Anayeanza achague baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, ili ikirudiwa imwagike. Bunduki yenye magazini ya bomba, kama nyingi za .30-30, haitaki vichwa vyenye ncha kali, kwa kuwa kila ncha hukaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele yake.

Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, acha hapo hapo. Ganda lisilo na baruti husukumwa na fataki peke yake, kichwa kikabaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ndiyo hupasua. Ondoa risasi zote na uhakikishe mtutu uko wazi kwa kupitisha ufito.

Vumbi la maganda yaliyopigwa lina risasi, ile metali yenye sumu, kutoka kwenye fataki. Usiyasafishie jikoni, usile ukiwa kazini, osha mikono, na watoto wasikaribie. Baruti na fataki zikae kwenye vifungashio vyake vya asili, mahali pakavu, mbali na moto. Kanuni ya NFPA 495, ya chama cha Marekani cha kuzuia moto, inaweka ukomo wa nyumbani kuwa ratili 20 za baruti katika makopo yake na fataki 10,000.

Na kila boksi unalomaliza libandike karatasi: aina na uzito wa kichwa, jina la baruti na greni zake, fataki, ganda limejazwa mara ya ngapi, tarehe, na bunduki iliyokusudiwa.

Wasomaji wako wawindaji,
Minnesota, Marekani