Mama, ndege wa malishoni kwetu nimemkuta huku

Toolik, Alaska
27 Juni

Mama, shikamoo. Na Baba pia, shikamoo. Najua Dogo ndiye anayekusomea. Dogo, soma taratibu, usiruke mistari.

Huku Alaska, kaskazini kabisa mwa Amerika, mimi mzima, ila mbu watanimaliza. Nilidhani kwenye baridi hakuna mbu! Wa huku hawana malaria, lakini ukifungua mdomo useme neno, umeshameza wawili. Tunashinda na neti kichwani.

Uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hiyo ya kuhesabu majani. Ni hivi: tunalaza fremu ya mita moja kwa moja, tunashusha sindano ndefu, na kila jani linaloguswa tunaliandika jina. Fremu moja inakula asubuhi nzima, umepiga magoti kwenye maji ya baridi, na buti langu la kushoto linavuja tangu wiki ya kwanza. Nyasi zimeota mafungu mafungu kama vichuguu, vichwa vyeupe kama sufi. Ukikanyaga juu unateleza, ukikanyaga katikati unazama. Mierebi, ile tunayoisoma kwenye Isaya, hapa ninapopima hainifiki gotini. Na chini ya hayo yote ardhi imeganda kiangazi na masika. Nikichomeka chuma, shibiri moja na kidogo tu, ngo! Barafu.

Joto linavyopanda mwaka hadi mwaka vichaka navyo vinazidi, na wako ndege wanaotaka mahali peupe pa kutagia. Ndiyo maana majani na ndege tunavihesabu pamoja.

Ndege tunawahesabu alfajiri. Alfajiri jina tu, maana jua halijazama tangu mwishoni mwa Mei. Saa tisa usiku natoka hemani nimekunja uso kwa mwanga. Tunasimama dakika kumi kimya, tunaandika kila mlio, mwenzangu kashika pilipili ya kupuliza, dubu asije akatutembelea.

Sasa sikia. Jumanne tulipanda mlima wa mawe, na juu ya jiwe moja nikamwona: wanja mweusi jichoni, kiuno cheupe, mkia kama herufi T iliyopinduliwa. Mama, ni yule wa kule Monduli anayesimama juu ya kichuguu, akiinamainama kama anaamkia watu! Kwa Kiingereza wanamwita northern wheatear. Kwetu anakuja na rangi ya udongo, huku kavaa kijivu cha harusi. Kiota kakificha chini ya jiwe.

Wataalamu waliwafunga ndege hawa vifaa vidogo hapa Alaska, na mwaka 2012 wakatangaza walikokwenda: Siberia, Kazakhstan, jangwa la Uarabuni, mpaka Sudan, Uganda na Kenya. Kilomita kama 14,500, kwenda tu, miezi mitatu njiani. Na uzito wake ni gramu 25 hivi, yaani ndege kumi ndio robo kilo ya sukari. Mimi nilibebwa, nikaletewa na chai, bado nilifika miguu imevimba.

Sisemi ni huyu huyu anayefika Monduli. Wako pia wanaotoka Ulaya. Lakini Dogo, vuli ikikaribia, siku utakapomwona wa kwanza ukiwa na ng'ombe, niandikie tarehe. Na manati uiache nyumbani.

Ada ya Dogo nimeituma kwa shangazi, itakayobaki ni ya mabati ya jikoni. Baba asimuuze yule ndama mweupe mpaka nipige simu.

Mwanao