YAH: MALALAMIKO KUHUSU UPIMAJI WA UDONGO NA MAJI KWENYE KITUO CHENU CHA MAFUTA

Wilaya ya Magharibi B,
Unguja.

Kwa Meneja Mkuu,

Assalaam alaykum.

Mimi ni jirani yenu wa ukuta wa nyuma. Kisima chetu kiko hatua arubaini kutoka yalipozikwa matangi yenu, na nyumba saba zinateka hapo. Tangu masika maji yananuka petroli. Ukiyalaza ndooni, asubuhi unakuta utandu unaometa rangi rangi. Mama yangu ameacha kuyatilia udhu.

Mlipoleta wapimaji nilishukuru, nikasimama nao mwanzo hadi mwisho. Kijana wenu alichimba kwa jembe karibu na pampu, shimo halikufika hata magotini. Tangi limezikwa chini zaidi ya hapo. Likivuja, mafuta yanaanzia huko na kuendelea kushuka. Kisha akateka maji ya kisima, akayatia nusu kwenye chupa ya plastiki ya maji ya dukani, akaiweka juu ya boneti ya gari, juani. Ilikaa hapo mpaka walipomaliza kunywa chai. Petroli huruka upesi, na benzini, kemikali ya sumu iliyomo ndani yake, huruka nayo. Maji ya kupima kitu hicho hutiwa kwenye kichupa cha kioo, kikajazwa pomoni hewa isibaki, kikafungwa na kuwekwa kwenye barafu mpaka maabara. Barua yenu inayosema maji ni salama imetokana na chupa ile ya juani. Siikubali.

Ardhi yetu hapa ni udongo haba juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa. Kinachomwagika hakichujwi, kinashuka moja kwa moja kwenye maji. Benzini inaleta saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 tu kwa lita. Msimamizi wa kituo alituambia tuchemshe. Kuchemsha kunalijaza jiko mvuke wa benzini hiyo hiyo, na watoto wamo ndani.

Naomba mpime upya. Tobolewe visima vya uchunguzi baina ya matangi na kisima chetu, mpaka kwenye maji, udongo uchukuliwe kila kina. Maabara isiwe yenu. Majibu yaje na namba zake, tupewe sisi na sheha. Matangi nayo yajaribiwe kama yanavuja, na mtuoneshe daftari la kijiti cha kupimia mafuta ya tangi: yaliyoingia, yaliyouzwa, yaliyobaki. Hesabu hiyo mnaiandika kila siku, na upungufu usioelezeka utaonekana humo.

Mpaka majibu yatoke, tuleteeni boza la maji kwa nyumba zote saba.

Wapimaji waje na vichupa vya kioo na barafu. Kamba na ndoo tunazo.

Wenu,
Jirani wa kisimani

Nakala: Sheha, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA), Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar (ZURA)